Mtoto, wenyewe, na daftari la bibi: uchambuzi wa kisa kimoja cha usonji Mombasa

Kwa nini kisa hiki

Familia inayozungumziwa hapa ni ya kisiwani Mombasa. Majina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa, na wazazi wameridhia kisa kiandikwe. Nawaandikia walimu wa vitengo maalum kama mimi, wauguzi wa zahanati, maalim wa madrasa, na yeyote mwenye mtoto wa usonji, hali iitwayo autism kwa Kiingereza, nyumbani. Swali lililokiendesha kisa ni lile ambalo wazazi wa Pwani huniuliza wakishanizoea, tena kwa sauti ya chini: mwanangu hasemi na watu, je, yuwasema na nani?

Msimamo wangu niuseme mapema. Sikuingia nyumba ile ili kuthibitisha au kukanusha kwamba majini wapo. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba wapo, na Kurani ina sura nzima, ya 72, iliyopewa jina lao. Nililolijali ni jingine: mtoto hufanyiwa nini watu wakishaamua kwamba yeye yuko karibu na ulimwengu huo kuliko sisi.

Usuli

Mtoto ni wa kiume, alikuwa na miaka sita kisa kilipoanza. Alikuwa akiishi na mama yake, bibi mzaa baba na shangazi katika nyumba ya zamani ya ghorofa, yenye madirisha ya mbao na kiwanja kidogo cha ndani. Baba yuko Arabuni kikazi na hutuma pesa za nyumba kila mwezi.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa akisema "maji", "baba" na maneno mengine machache. Kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu maneno yale yakapotea. Mambo hayo hutokea kwa baadhi ya watoto wenye usonji, na ndiyo huwachanganya wazazi zaidi ya yote, maana mtoto aliyekuwa akija mbio ukimwita sasa hageuki. Nyumbani walitafuta sababu na wakaipata: siku zile zile mama alikuwa ametoka naye harusini upande wa bara, wakarejea magharibi imeshaingia, wakapita penye mibuyu. "Alipokewa pale," bibi aliniambia. Tangu siku hiyo mama alibeba lawama bila mtu kumlaumu waziwazi. Kila mgeni akiuliza habari za mtoto, kisa cha mibuyu kilisimuliwa mbele yake naye akiwa anamimina chai.

Hospitali walikwenda alipokuwa na miaka minne. Waliambiwa ni usonji, wakapewa tarehe ya kurudi. Hawakurudi. Mama alinieleza bila kuficha: waliambiwa jina la hali, hawakuambiwa kwa nini mtoto anacheka na dari saa nane za usiku. Fundi, yaani mganga wa pepo, waliyempata baadaye alikuwa na jawabu la hilo.

Bibi alichokiona

Bibi hakuwa akibahatisha. Alikuwa akishinda na mtoto kutwa, na aliyoyaona yalikuwa ya kweli. Naeleza moja moja kwa sababu uchambuzi wote umesimama hapa.

Jioni, mtoto alikuwa akiziba masikio na kujikunyata chini ya meza kabla ya adhana ya magharibi. Muadhini hajatamka neno, mtoto keshajificha. Kwa bibi jambo hili halikuhitaji mjadala. Hadithi ya Mtume inajulikana kwamba shetani hukimbia adhana inapotolewa. Basi aliyemo ndani ndiye anayetaka kutoka mbio, na ana habari mapema kuliko sisi.

Kulikuwa na chumba kimoja, alichofia babu yake, ambacho mtoto aliingia mchana bila shida lakini usiku alipiga mayowe akivutwa hata hadi kizingitini. Kulikuwa na kicheko cha usiku: amelala chali kwenye godoro, macho darini, anafuata kitu kwa kidole na kucheka kicheko kizuri cha mtoto anayechezewa. Kulikuwa na usiku ambao nduguye bibi alifariki Lamu. Mtoto hakulala kabisa, alizunguka kiwanjani mpaka alfajiri, na simu ya msiba ikalia watu wakitoka kuswali.

Na kulikuwa na "kuitwa". Hili ndilo neno la nyumba ile. Mtoto anakula, ghafla kijiko kinasimama hewani. Macho yanakodoa, kope zinapepesa harakaharaka, mdomo unalegea. Ukimwita hasikii. Sekunde kadhaa, kisha kijiko kinaendelea na safari yake kinywani kama hakuna kilichotokea. "Akiitwa huenda," bibi alisema, "akimaliza hurudi. Wenyewe hawamdhuru." Kwa "wenyewe" alikusudia majini.

Mambo yalivyokwenda

Kwanza walifanya yale ambayo nyumba nyingi za Pwani hufanya. Maalim alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi akanyweshwa. Akafungwa hirizi, ambayo aliitafuna ngozi yake mpaka ikaondolewa. Hakuna lililobadilika, na hakuna lililoharibika.

Kisha shangazi akaingia na fikra tofauti. Yeye alikuwa ameona kwenye simu mafundisho ya ng'ambo yanayosema watoto wa namna hii hawakupagawa, bali wameletwa duniani wakiwa na nuru na wanaona tusiyoyaona. Asili ya mafundisho hayo ni Marekani miaka ya 1970, kwa Nancy Ann Tappe, aliyedai kuona watoto waliozungukwa na rangi ya nili. Baadaye wafuasi wa fikra hiyo wakawaingiza humo watoto wenye usonji. Kwa shangazi ilikuwa habari njema: mtoto wao si mgonjwa, ana karama. Wanawake wa jirani wakaanza kuja alasiri. Mmoja anataka kujua kama mume atarudi, mwingine anataka mtoto amshike tumbo ashike mimba. Mtoto asiyependa kuguswa akawa anakalishwa mkekani na kuelekezwa mkono kwa wageni. Wengine waliacha noti chini ya mto.

Alichozidi nacho mtoto ni makelele na kujiuma mkono. Bibi akaona wenyewe wameudhika. Baba akatuma pesa, akaitwa fundi kutoka nje ya mji. Aliagiza mtoto afukizwe jioni mfululizo chumbani kwa babu, mlango umefungwa, chini ya shuka na chetezo chenye mafusho aliyoyachanganya mwenyewe, huku akiimbiwa pepo wapande wajitaje. Mtoto alishikwa miguu na mikono na watu wazima wawili. Alikohoa, akatapika, akapigana, na katika purukushani ile macho yakakodoa, mwili ukalegea, akapiga kipaji cha uso ukutani. Fundi alifurahi kwamba pepo amepanda. Mama alimtoa mtoto nje, akamfunga jeraha kwa khanga, na asubuhi yake akaja kwetu na ndugu yake wa kiume.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenga lile "kuitwa" na mambo mengine yote. Katika yote aliyoyaona bibi, hilo tu ndilo lingeweza kumuua mtoto kwenye ngazi, baharini au barabarani. Watu wenye usonji hupata kifafa zaidi ya watu wengine, na kifafa si lazima mtu aanguke na kutoa povu. Kipo cha kuzubaa. Namna ya kukitilia shaka nyumbani ni nyepesi. Mtoto mwenye usonji aliyezama katika mambo yake mara nyingi hurudishika: mguse bega, mpulizie shavuni, mtikisie kitu anachokipenda. Aliyeshikwa na kifafa harudi mpaka chenyewe kiishe. Mama alikuwa na kishada cha funguo ambacho mtoto hakukikosa hata akiwa usingizini nusu. Tukamwomba akitikise mbele yake mara atakapoona kijiko kimesimama, na mtu mwingine apige video kwa simu. Ile video ndiyo iliyokwenda kwa daktari. Funguo zinalia puani pa mtoto na mtoto hayupo. Kisha anarejea na kuzinyakua.

Wa pili ulikuwa kutobishana na bibi. Ndugu wa mama alitaka tumkalishe bibi tumwambie majini hayaleti usonji. Nilikataa. Mwanamke wa umri ule, aliyelea watoto na wajukuu nyumba ile ile, hawezi kufundishwa imani yake na mwalimu aliyeingia jana; na zaidi ya hapo, tulimhitaji. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na macho yake juu ya mtoto kutwa kucha. Nilimwendea barazani, nikampa shikamoo, nikamwambia: "Bibi, wewe ndiye ushindaye naye. Niandikie. Kila akiitwa, kila akicheka, kila akiziba masikio, saa ngapi, wapi, na nini kilikuwako karibu." Akaniuliza kama naamini yuwaona. Nilimjibu kwamba mimi siwezi kulijua hilo, ila naamini kila alichokiona yeye.

Bibi hakusoma shule, alisoma chuo, yaani madrasa ya Kurani. Aliandika daftari lake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, kwa kalamu ya wino wa buluu, saa za Kiswahili. "Saa kumi na mbili na robo, jikoni, kaziba masikio, mimi sijasikia kitu." Mama alinisomea kila wiki. Katika kazi hii nimeona fomu nyingi za hospitali zilizojazwa na wataalamu. Chache zina ukweli wa daftari lile.

Wa tatu ulikuwa kumshirikisha maalim, yule yule aliyeandika kombe, kwa kuwa nyumba ilimheshimu na kwa kuwa alikuwa ameepuka lolote la kumuumiza mtoto. Tulikaa naye mama, bibi, mjomba na mimi. Hakuulizwa kama mtoto ana jini. Aliulizwa mambo mawili: je, kusomewa kunahitaji moshi, kufungwa au kupigwa? Na je, mtu akisomewa anaruhusiwa kuacha dawa? Alijibu yote mawili kwa "la", akataja hadithi inayowaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu watafute dawa, kisha akaongeza la kwake ambalo hatukumwomba: mtoto huyu hana dhambi, kalamu imeinuliwa kwake, basi hata ikiwa kuna kitu, hapigwi yeye. Ikakubaliwa mbele yake kwamba mtoto atasomewa Ayatul Kursi na sura za kinga na bibi mwenyewe, kwa sauti ndogo, kabla ya kulala. Hapatakuwa na mafusho chumba kimefungwa. Hatashikwa kwa nguvu. Dawa ya daktari haitaachwa bila daktari. Na hakuna mgeni atakayemgusa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotugharimu. Nitalirudia.

Daftari lilisema nini

Daktari alipopata majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo alithibitisha kifafa na kumwanzishia dawa. Hilo lilikuwa la hospitali. Mengine tuliyafuata wenyewe, kwa daftari.

Habari ya masikio ilitatuliwa na kijana wa msikitini. Tulipanga saa za bibi, tukaona mtoto hujificha kabla ya adhana zote wanazoziwasha kwa kipaza sauti kikubwa, si magharibi peke yake. Magharibi tu ndiyo bibi alikuwa akiitazama, kwa sababu ndiyo saa ambayo sote tumefundishwa kuingiza watoto ndani. Kijana alituonyesha: akiwasha mashine, spika ya juu hutoa mlio mdogo na mvumo kabla muadhini hajasogea kwenye maiki. Nilisimama jikoni kwa bibi, sikusikia. Nilikwenda dirishani, bado. Nilipopanda darini ndipo nikausikia, kwa mbali sana. Mtoto alikuwa akiusikia akiwa chini jikoni.

Chumba cha babu kilikuwa na taa ya tyubu iliyochakaa, upande mmoja umegeuka mweusi. Umeme wetu wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu zenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) ya zamani humeta mara 100 kwa sekunde na kuvuma. Ikichoka huongeza kupepesa kwake. Wengi wetu hatuoni. Wapo wanaoona, na miongoni mwa watu wenye usonji wapo wanaoumizwa nayo. Mchana taa ilikuwa haiwashwi. Tulibadilisha taa, lakini chumba hakikusamehewa siku hiyo: mtoto alisimama kizingitini jioni nyingi kabla ya kuingia, kwa kuwa kumbukumbu ya mafusho ilikuwa humo pia. Bibi hakumvuta tena.

Kicheko cha usiku kilipendeza kukifuata. Mama alilala sakafuni kando ya mwanawe, akaangalia anakoangalia. Pikipiki na tuktuk zikipita njiani, taa zao hupenya vibao vya dirisha, na mistari ya mwanga hukimbia darini kutoka pembe moja hadi nyingine, ikipanuka kisha ikizimika. Mama aliniambia hata yeye alicheka.

Ukabaki usiku wa msiba. Bibi aliuweka huo mwisho, kama hoja isiyojibika. Daftari likaonyesha kwamba mtoto hukesha mara nyingi mno. Usingizi wa taabu ni jambo la kawaida sana kwa watoto hawa. Kabla ya daftari, nyumba iliukumbuka usiku mmoja tu, kwa sababu ulikutana na kifo. Ile mingine isiyo na msiba ilikuwa imesahauliwa. Nilimsomea bibi kurasa zake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nduguyangu hakuja kumuaga?" Sikumjibu, na naona nilipaswa kutomjibu. Hilo ni la majonzi yake, si la tiba ya mtoto.

Matokeo

Kuzubaa kumepungua sana tangu dawa ikae sawa. Kujiuma mkono kumepungua wageni walipokatwa. Mtoto bado hasemi. Anatumia picha zilizobandikwa kwenye kadi kuomba maji, chapati na kwenda nje, na ameanza kumshika bibi mkono na kumpeleka kwenye anachokitaka. Kwenye saa za adhana huvaa vifunika masikio, na mara nyingi hukaa navyo mlangoni badala ya chini ya meza. Amesajiliwa kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na ametathminiwa katika kituo cha tathmini ya elimu. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984 na bado wazazi wengi hawajui kwamba vipo.

Bibi anaamini kama alivyoamini. Humsomea kila usiku, na mtoto hutulia akisomewa, pengine kwa sababu ni sauti ile ile, mahadhi yale yale, saa ile ile. Tofauti ni kwamba sasa akiona macho yamekodoa, huangalia saa kwanza.

Uchambuzi

Je, watoto wenye usonji wako karibu zaidi na ulimwengu wa roho? Kisa hiki hakitoi jibu, na hakuna kipimo ninachokijua kinachoweza kulitoa. Kinachopimika ni kwamba wengi wao husikia, huona, hunusa na kuhisi kwa namna isiyo yetu. Leo Kanner, daktari wa akili aliyewaeleza watoto 11 wa hali hii mwaka 1943 huko Baltimore, alitaja tayari jinsi walivyotishwa na sauti za mashine. Ilichukua mpaka 2013 kwa mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili kuingiza tofauti za hisi miongoni mwa dalili zenyewe. Basi bibi wa Mombasa anaposema mtoto yuwaona visivyoonekana, nusu ya kauli yake ni sahihi kabisa: anaona na kusikia visivyoonekana na sisi. Ni ile nusu ya pili, ya ni nini hasa anachokiona, ndiyo inayohitaji daftari kabla ya chetezo.

Na tusidhani Pwani ndiyo pekee yenye mawazo haya. Ulaya ya zamani ilikuwa na hadithi za watoto walioibwa na viumbe wa msituni na kuachiwa wengine wanaofanana nao, na mtoto aliyeshukiwa kubadilishwa aliweza kuteswa ili wamrudishe wa kweli. Mwanasaikolojia Uta Frith amewatazama wale "wapumbavu watakatifu" wa Urusi, waliotukuzwa kwa kutojali njaa na baridi, akaona baadhi yao huenda walikuwa na usonji. Upande mmoja mtoto anateswa, upande mwingine anatukuzwa. Kisa chetu kilikuwa na pande zote mbili ndani ya nyumba moja, kwa fundi na kwa shangazi.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wasimame. Ni rahisi kumlaani fundi. Jeraha la kipaji cha uso lilionekana. Lakini wageni wa alasiri walimwumiza mtoto kwa muda mrefu zaidi, na hakuna aliyewaona kama dhara kwa sababu walikuja kwa heshima. Aliyepewa karama hapelekwi hospitali. Kuzubaa kwake kunakuwa safari, mayowe yake yanakuwa ujumbe, na kuchukia kwake kuguswa hakuhesabiwi kabisa. Kumfanya mtoto kuwa walii kunamnyima kuwa mtoto sawasawa na kumfanya kiti cha pepo. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha jambo moja katika mazungumzo ya usonji mitandaoni, ni hilo.

Kuhusu lawama ya mama, nawaomba wataalamu wasijione wako juu ya hadithi ya mibuyu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Marekani na Ulaya, Bruno Bettelheim wa Chicago akiwa mwenye sauti kubwa, waliwaambia kina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafungia watoto ndani. Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga fikra hiyo kwa hoja za kibayolojia mwaka 1964, nayo ilichukua miaka mingi kufa. Mama wa Chicago na mama wa Mombasa walilia kilio kimoja. Katika kisa hiki tulipaswa kumtoa mama kwenye lawama kwa maneno wazi, mbele ya wote, na maalim ndiye aliyefaa zaidi kuyasema. Alisema kwamba kupita njia si dhambi. Uso wa mama ulibadilika, na mahudhurio yake kliniki hayakukatika tangu hapo.

Kilichofaulu zaidi ya vyote ni kumpa bibi kazi inayolingana na ujuzi wake. Angeachwa nje, dawa ingemwagwa siku ambayo mama hayupo. Akiwa mwandishi wa daftari, dawa ilikuwa sehemu ya hesabu zake. Kugawanya vitendo badala ya imani nako kulifaa: dua, kombe na kisomo kwa sauti ndogo vilibaki, moshi, kamba na kiboko vilitoka. Sijapata kuona familia ya Kiislamu iliyokataa mgawanyo huo ukisemwa na maalim wao. Ukisemwa na muuguzi kijana kwa kukunja uso, nimeona ukikataliwa mara nyingi. Nina hakika njia hii inafaa pia kwa familia za Kikristo na mchungaji wao, maana mikesha ya kutoa pepo yenye kumshika mtoto chini inafanyika pia, na mtoto mwenye kifafa hajali anaombewa kwa lugha gani akiwa ameshikwa koo.

Yaliyoshindikana ni mazito. Mwanya kati ya utambuzi wa miaka minne na tiba ya miaka sita ulikuwa wa miaka miwili, na kifafa huenda kilikuwamo muda wote huo. Waliompima walitamka neno usonji bila kuuliza familia inaamini nini na inaogopa nini. Maswali matatu yangetosha: nyumbani mnasema hali hii imetokana na nini, mmeshampeleka wapi, na kuna wakati anazubaa bila kurudishika? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Watoto hawa ni maelfu kwetu. Kuuliza maswali matatu si anasa.

Nafasi ya shule haijapatikana. Kitengo cha karibu kimejaa na mwalimu ni mmoja.

Na shangazi amehama. Sharti la wageni alilichukua kama kuvunjiwa heshima, kwani yeye ndiye pekee aliyekuwa amemwona mtoto kama neema wakati wote walipomwona kama msiba. Alikuwa na haki katika hilo la kwanza, na hatukumwambia hivyo. Tulimzuia jambo bila kumpa lingine, ingawa bibi tulimpa. Kwa familia nyingine sasa namtafutia kila jamaa wa namna hii kazi yake mapema, kama kumfundisha mtoto kadi za picha au kwenda naye matembezi ya ufukweni asubuhi kabla ya watu kujaa, ili mapenzi yake kwa mtoto yapate pa kushika.

Baba naye bado anaona pesa za fundi zilipotea kwa sababu kazi ilikatizwa njiani. Anatarajiwa kuja likizo baada ya Ramadhani. Bibi ameomba mazungumzo naye yafanyike barazani, maalim akiwapo, na amesema daftari atalisoma yeye mwenyewe.